Kipimo Kilimpima Mama

Nyumbani kwetu Mafinga, ndani ya bahasha ya kaki ambayo mama anaitunza chini ya kanga zake, kuna karatasi mbili zenye jina la mdogo wangu. Ya kwanza ni ya Oktoba 2006, alipokuwa na miezi saba. Inasema ana maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Ya pili ni ya Septemba 2007, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Inasema hana. Kati ya karatasi hizo mbili hakuna aliyeponywa, hakuna muujiza uliotokea. Kipimo cha kwanza hakikuharibika wala hakikuchakachuliwa. Kilijibu swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amekiuliza.

Baba alifariki Novemba 2005, mama akiwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa akisafiri na malori ya mbao kutoka Mufindi hadi Dar es Salaam na kurudi. Wiki chache baada ya matanga, mama alipimwa kliniki ya wajawazito, akakutwa na virusi. Watu waliokuwa wakimpa pole wakaanza kumhesabia makosa. Aliyekuwa akisafiri ni baba, lakini aliyepimwa ni mama, na katika ukoo wetu aliyepimwa ndiye aliyeonekana kuleta ugonjwa.

Mdogo wangu alizaliwa Machi. Alipofika miezi saba akaharisha wiki nzima, na baba mkubwa akaongozana na mama kumpeleka kituo kimoja cha afya. Huko wakamtoboa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka kilekile wanachopimwa watu wazima. Mistari miwili ikatokea. Jumapili iliyofuata kikafanyika kikao cha ukoo. Nilikuwa na miaka minane. Nilitumwa kupeleka maji ya kunawa, nikachelewa kutoka makusudi ili nisikie.

Hoja zilikuwa tatu. Kwanza, mgonjwa hawezi kulea mgonjwa. Pili, maziwa ya mama ndiyo yanayommaliza mtoto. Tatu, Mbeya kuna hospitali kubwa na shangazi anaishi Uyole, ana nyumba ya matofali na mume mwenye mshahara. Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, mtoto mapajani. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Karatasi ilikuwa mkononi mwa baba mkubwa, na kila mara mtu alipotaka kusema neno la kumtetea mama, aliinyanyua juu kidogo.

Jumanne shangazi alipanda basi naye. Kwa wiki mbili zaidi mama aliendelea kuwa na maziwa. Alikuwa akiyakamulia kwenye kikombe cha bati, kisha anayamwaga kwenye shina la mparachichi nyuma ya nyumba.

Sitaki msomaji amchukie shangazi yangu. Alichemsha maji, alinunua maziwa ya kopo kwa fedha ambazo nadhani hakuwa nazo, alikesha usiku. Hakukosa kliniki hata mwezi mmoja, na huko ndiko muuguzi mmoja alikomwambia kwamba yale majibu ya mwanzo hayakuwa ya kutegemewa kwa umri ule, mtoto arudishwe akifika miezi kumi na minane. Aliporudishwa akakutwa hana virusi. Shangazi alipiga simu kwa jirani yetu mwenye simu ya mkononi, mama akaitwa, akasikiliza, akaketi chini. Alipopata sauti aliuliza kitu kimoja tu: “Nije kumchukua lini?”

Jibu lilikuwa: “Wifi, mtoto kashazoea huku. Ukimtoa sasa utamuumiza.”

Alirudi nyumbani Desemba 2008, akiwa anakaribia miaka mitatu. Shangazi alimwita mama. Mama yetu alimwita “mama wa Mafinga”, na usiku alikuwa akililia Uyole. Karatasi ya kwanza ilimwondoa nyumbani kwa siku chache tu. Karatasi ya pili, iliyoifuta ile ya kwanza, ilihitaji miezi kumi na mitano kumrudisha.

Kilichotokea maabara kinaelezeka kwa maneno machache. Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, za surua, za pepopunda kama alichanjwa, na za virusi vya UKIMWI kama anavyo. Ni akiba ya kumlinda mtoto mpaka mwili wake uanze kujitengenezea. Akiba hiyo hupungua polepole na inaweza kubaki hadi miezi kumi na minane. Kwa hiyo ukimpima mtoto wa miezi saba kwa kipimo hicho na mistari miwili ikatokea, huenda umempima mama yake kwa mara ya pili.

Nyanda za Juu Kusini zimebeba ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za nchi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulikuta maambukizi ya watu wazima yakiwa asilimia 11.3 Iringa na asilimia 9.3 Mbeya, wakati kwa taifa zima yalikuwa karibu asilimia 5. Kwa hiyo hapa kwetu kupima mama na mtoto ni jambo la kila siku, na huduma imejifunza kwa uchungu. Leo mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi huchukuliwa matone ya damu kisiginoni akiwa na wiki nne hadi sita, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara inayotafuta kirusi chenyewe. Watafiti wa kituo cha NIMR Mbeya wamejaribu hata mashine ndogo za kupima hapohapo kituoni, mtoto akiwa ndiyo kwanza amezaliwa. Majibu yakionyesha maambukizi, huchukuliwa sampuli ya pili ya kuhakikisha. Na mtu mzima hapewi majibu ya kuwa na virusi kwa kipimo kimoja, bila kuhakikishwa kwa kipimo cha aina nyingine.

Kuna jambo ndani ya utaratibu huo ambalo nimeliwaza sana. Wakati sampuli ya pili inasubiriwa, mtoto haachwi hivihivi, huanzishiwa dawa. Sababu ni kwamba dawa inaweza kusimamishwa majibu ya pili yakisema hana. Wanafanya jambo linaloweza kurudishwa nyuma wakati wanasubiri uhakika. Ukoo wetu ulifanya kinyume. Ulianza na lile ambalo halirudishiki, uhakika ukaja baadaye.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Mwaka jana, katika somo la ulinzi wa mtoto, tulipewa kusoma habari ya maabara iliyoitwa Motherisk, ndani ya Hospital for Sick Children mjini Toronto, Kanada. Maabara hiyo ilipima nywele. Mzazi aliyeshukiwa kutumia dawa za kulevya au pombe kupita kiasi alikatwa nywele kidogo, nazo zikapelekwa kusomwa, na majibu yakafika kwa wakala wa ulinzi wa watoto na hatimaye mahakamani. Kati ya 2005 na 2015 watu zaidi ya 16,000 walipimwa hivyo kwa ajili ya mashauri ya ulinzi wa watoto. Wengi walikuwa mama.

Kwa miaka mingi maabara ilitumia kipimo cha awali, kile ambacho watengenezaji wake wenyewe huonya kwamba majibu yake lazima yahakikishwe kwa njia nyingine. Hayakuhakikishwa inavyotakiwa, ila yalisomwa mahakamani kama neno la mwisho. Jaji mstaafu Susan Lang aliteuliwa kuchunguza, na katika ripoti yake ya Desemba 2015 alihitimisha kwamba vipimo hivyo havikufaa wala havikuaminika kwa mashauri ya ulinzi wa watoto au ya jinai. Maabara ilikuwa imeshafungwa mwaka huohuo. Kisha tume ya Judith Beaman ikapitia mafaili zaidi ya 1,200, na Februari 2018 ikaeleza kwamba katika mashauri 56 majibu ya Motherisk yalikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi wa kumtenga mtoto na familia yake. Waliorudishiwa watoto walikuwa wachache sana. Wengine walikuwa wameasiliwa na familia nyingine, wamepewa majina mapya, wameanza shule.

Wanafunzi wenzangu waliuliza ilikuwaje nchi tajiri hivyo ikakosea kwa muda mrefu namna ile. Mimi sikuuliza. Nilimwona baba mkubwa akiinyanyua karatasi. Kitu kilichoandikwa na maabara hakibishani, hakina historia ya ugomvi na mtu, hakikulewa jana. Mama anayekipinga kwa mdomo wake anaonekana anajitetea tu. Tume ya Beaman iliona hilohilo Kanada: mzazi aliyekataa kupimwa alionekana ana cha kuficha, na aliyekubali akakutwa na majibu hakuwa na namna ya kuyapinga.

Jambo jingine nililolisoma siku zile lilinigusa kwa namna yake. Kokeni hushikamana na rangi nyeusi ya nywele. Watu wawili wanaweza kukutana na kiasi kilekile cha dawa, na nywele nyeusi tii zikaonyesha zaidi ya zile za rangi hafifu. Na upande wa pombe, dawa za nywele zenye alkoholi zinaweza kumwonyesha mtu kuwa mnywaji hali hajagusa glasi. Nilifikiria saluni za Mwanjelwa Jumamosi mchana.

Marekani walitangulia kwa njia nyingine. Mwaka 1989 hospitali ya chuo kikuu cha tiba huko Charleston, South Carolina, ilianza kupima mkojo wa baadhi ya wajawazito bila kuwaambia, na waliokutwa na kokeni majina yao yakapelekwa polisi. Kuna waliokamatwa muda mfupi tu baada ya kujifungua. Wanawake kumi walifungua kesi, na Machi 2001 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kumpima mgonjwa kwa siri ili polisi wapate ushahidi ni kuvunja katiba. Ninachokishika katika kesi ile ni kwamba mama alikwenda kutibiwa. Akishajua kuwa kikombe cha mkojo kinaweza kumpeleka rumande, safari nyingine hatakwenda, na mtoto atazaliwa jikoni.

Mbeya haiko mbali na habari hizi. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, na unga hupita na kubaki. Tangu 2017 Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina kliniki ya methadoni, miaka kadhaa baada ya Muhimbili kuanza mwaka 2011. Mtu aliyekuwa akitumia heroini huenda kila siku na kunywa kipimo chake mbele ya mhudumu. Wanawake ni wachache kuliko wanaume katika kliniki za namna hii, na wapo wanaopata mimba wakiwa kwenye dawa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwao ni kuendelea na methadoni, kwa kuwa kuacha ghafla ni hatari kwa mimba, na kunyonyesha baada ya kujifungua. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, akatetemeka na kulia sana, lakini hali hiyo inatibika, na mojawapo ya vitu vinavyomtuliza ni kifua cha mama yake. Kwa hiyo mama wa methadoni akipimwa na kukutwa na methadoni, maana yake anatibiwa. Mtu asiyejua hilo atasoma “dawa” na kuelewa “teja”.

Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya ustawi wa jamii mkoani Mbeya. Nitasimulia shauri moja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili wahusika wasitambulike. Alikuja mama mkwe na mwanawe wa kiume. Mke wa huyo kijana alikuwa amejifungua wiki tano zilizopita. Walikuwa na kipimo cha mkojo, kile cha kijiti, ambacho kijana alikinunua duka la dawa. Walimlazimisha mke akitumie, na kimeonyesha dawa za jamii ya heroini. Zaidi ya hapo, kila mtu mtaani alijua kuwa kabla ya kuolewa msichana huyo aliwahi kutumia unga. Mama mkwe alitaka barua ya kumchukua mjukuu wake siku ileile.

Afisa aliyekuwa akinisimamia ni mama wa makamo, amefanya kazi hiyo miaka mingi. Alikipokea kijiti, akakitazama, akakiweka mezani. Akamwambia yule bibi, “Shikamoo mama, karibu ukae. Hiki nimekiona. Sasa naomba nimwone na mwenye mkojo.”

Mchana tulikwenda. Afisa hakuanza na unga. Aliomba ampakate mtoto, akamfungua nepi, akatazama kitovu, akaomba kadi ya kliniki. Kisha akauliza, kama vile wanapiga stori, wiki hii umemeza nini na nini. Binti alikuwa na kifua tangu alipojifungua. Akatoa chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki robo. Afisa alinipa mimi niisome. Ilikuwa na kodeini.

Mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Heroini nayo mwilini huishia kuwa mofini. Kijiti kile cha bei nafuu kinaona hiyo mofini na hakijui imetoka wapi. Mama aliyechomwa mofini ya maumivu baada ya upasuaji wa kujifungua, kwa dawa halali ya hospitali yenyewe, anaweza kutoa mistari ileile. Kutofautisha kunahitaji maabara yenye mashine ya kutafuta alama ya heroini peke yake, na alama hiyo hukaa kwenye mkojo kwa muda mfupi tu.

Je, binti alikuwa anatumia? Alisema hapana. Chupa ilisema inawezekana kuwa hapana. Kijiti hakikuwa na la kuongeza. Afisa alimpeleka hospitali kwa ajili ya kifua na kubadilishiwa dawa, maana kodeini si dawa nzuri kwa anayenyonyesha, ikiingia nyingi kwenye maziwa inaweza kumlegeza mtoto hadi pumzi. Kwa hiyo hatari ilikuwepo, tena ya kweli, ila dawa yake ilikuwa kubadilisha chupa. Mtoto alibaki na mama yake. Tukarudi pale mara tatu kwa mwezi mmoja bila kutoa taarifa, mara moja jioni.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 7, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na inasema mtu asimnyime haki hiyo isipokuwa mahakama iamue kwamba kuishi nao kutamletea madhara makubwa, au ukatili, au si kwa manufaa yake. Hapo hakuna neno kipimo. Swali la sheria ni madhara kwa mtoto. Mkojo wa mama unaweza kuwa sehemu ndogo ya jibu, lakini hausemi kama mtoto ananyonya, kama analala pakavu, kama kuna mtu mzima mwenye akili timamu anapoamka usiku. Ukoo wangu mwaka 2006 haukuwa na sheria hiyo mbele yake. Sisi tunaoajiriwa sasa tunayo.

Najua pia upande wa pili. Wapo watoto waliokufa kwa sababu ofisi fulani ilisubiri mno, na hakuna afisa asiyeogopa kuwa yeye ndiye aliyesubiri. Kipimo kinapendwa kwa sababu kinaondoa woga huo. Kikisema ndiyo, uamuzi si wako tena. Ndiyo maana nadhani vijiti hivi vitaongezeka hapa kwetu, kwenye maduka ya dawa, kwenye mikoba ya wakwe, na siku moja kwenye droo za ofisi zetu, bila maabara ya kuhakikisha nyuma yake. Kabla havijafika, tungeazima utaratibu ambao wauguzi wa kliniki zetu tayari wanaujua kwa moyo: majibu ya kwanza ni ya kukufanya uulize tena, na wakati unauliza, fanya lile unaloweza kulirudisha.

Ziara ya mwisho kwa yule binti ilikuwa asubuhi ya baridi, Loleza imefunikwa na ukungu. Mama mkwe alikuwepo, amekuja kufua nguo za mtoto, hakuzungumza nasi sana. Afisa alifungua kadi ya kliniki na kunionyesha kwa kidole mstari wa uzito. Ulikuwa umepanda vizuri, bila kulala. Akaandika tarehe kwenye faili, akaandika uzito, akaandika kwamba mtoto ananyonya na kwamba bibi anasaidia. Mahali pa kuandika majibu ya kipimo aliandika jina la dawa ya kikohozi. Kisha akampa binti kalamu ili naye aweke sahihi.